Sentimita Arobaini na Moja

Mwaka korosho zilipopanda bei
jirani yangu Mnalidi naye akapandisha nyumba.
Sikumwonea kijicho. Hata mkorosho hupanda
bila kumwomba mtu ruhusa,
lakini mkorosho hujua shina lake lilipo.

Mimi nilikuwa Ndanda, hospitali,
nikimuuguza dada yangu
majuma matatu na siku mbili.
Niliporudi Chikongola na kapu langu la sufuria
nikafungua dirisha la chumba cha cherehani,
ubao wake ukagonga tofali.

Saruji bado ilikuwa inatoka jasho.
Nikatoa mkono nje: kiwiko hakikunyooka.

Ndipo nikavua utepe shingoni,
utepe uleule unaopima viuno vya mtaa mzima
na mapaja ya wazee wasiopenda kuguswa,
nikapima kutoka pale baba alipotuonyesha jiwe
tukiwa watoto: "Hapa ndipo mwisho wenu."
Jiwe halikuwepo. Palikuwa na sakafu.
Nikapima kwa kumbukumbu ya magoti:
arobaini na moja.

"Somoe," akasema Mnalidi, "arobaini na moja ni nini?
Hata kuku hapati pa kugeukia humo.
Ujirani una thamani kuliko ardhi."
Nikamuuliza kibali cha ujenzi.
Akanionyesha risiti za nondo.

Baraza la Ardhi na Nyumba:
viti vya mbao, feni inayozunguka kwa kusitasita.
Wakili wake akasimama na suti ambayo niliona mara moja
bega la kushoto limeshonwa vibaya.
Akasema mdai alinyamaza ukuta ukipanda.
Akasema, usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Wazee washauri wakaitikia kwa vichwa.
Nami, sina wakili, nikasema:
Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi sikuwa na ufa.
Ukuta nimejengewa.

Nikaeleza habari ya mwanga.
Kwamba chumba kile, saa nne asubuhi,
kilikuwa kikijaa nuru kama beseni;
kwamba uzi mweusi kwenye kitambaa cheusi
hauonekani kwa taa inayokatikakatika;
kwamba sare nane za shule nimezikosea pindo.
Mwenyekiti alisikiliza kwa upole, kalamu imelala.
Mwanga hauna hati, nikaelewa. Hauna namba ya kiwanja.
Nikasema basi: arobaini na moja.
Kalamu ikaamka.

"Ulipima kwa nini?"
Nikauinua utepe. Watu wakacheka,
na wakili akaomba iandikwe kwamba wamecheka.

Mali bila daftari huisha bila habari.
Baba hakuwa mtu wa methali, alikuwa mtu wa bati la biskuti:
ndani yake barua ya toleo, ramani iliyokunjwa mara nane,
stakabadhi za kodi tangu senti zilipokuwa na maana.
Halmashauri ikaleta mpima na chombo chake cha miguu mitatu.
Wakatoboa sakafu ya Mnalidi,
bikoni ikatokea, namba zake mwilini,
imepakwa saruji hadi mdomoni.
Mpima akasoma tarakimu. Akarudia.
Mimi nilikuwa natunga uzi kwenye sindano,
sikuinua kichwa.

Hukumu ilisema abomoe, kwa gharama zake.
Usiku ule akaja mkewe, peke yake,
akaweka bahasha mezani, milioni moja na laki mbili,
akalia kwa heshima, bila sauti.
Magauni yake yote nimeshona mimi.
Nikampa chai. Bahasha nikamrudishia pamoja na mkate.
Ningeipokea, kesho mwingine
angekuja kuuliza bei ya chumba kizima.

Wakaja vijana na nyundo. Siku nne za vumbi.
Siku ya tano, saa nne asubuhi,
nuru ikaingia, nyembamba, wima,
ikalala juu ya cherehani kama kitambaa kilichosalia.
Nikavua utepe.

Thelathini na nane.

Nikapima tena.