Nyusi Nyeupe

Alitua kwenye kamba ya nguo, nyuma ya nyumba, Donholm,
kati ya soksi za Nekesa na shuka lenye baka la chai.
Nilikuwa nasugua sufuria. Nikaona nyusi,
nyeupe, ndefu, kama za mtu aliyetajiwa bei ya unga,
na kifua cha rangi ya kutu, au chungwa, au
basi, tofali lililonyeshewa.

"Mkia?" akauliza Nekesa, kitabu cha ndege mapajani.
Mkia ulikuwepo.
"Miguu?"
Nani hutazama miguu?

Nimemchora nyuma ya risiti ya stima.
Kila nikimsimulia nyusi zinarefuka;
jana zilifika kisogoni.
Kurumbiza, asema Baba Imali wa getini,
lakini kwake kila ndege ni kurumbiza
isipokuwa kunguru.

Nilihesabu hadi tisa. Akanigeuzia jicho moja,
kisha la pili, akaruka ukuta wa jirani.

Huenda naye sasa anahojiwa huko mjakarandani,
anakuna shingo, anakumbuka:
Mkubwa. Kitambaa cha manjano kichwani.
Povu hadi viwikoni.
Miguu, kusema kweli, sikuiona.