Kahawia

Kipande chenyewe hakizidi punje ya mchele.
Kimelala ndani ya nta, kina namba, hakina jina:
elfu moja mia moja arobaini na saba.
Umeme wa Upanga umekatika tangu saa tatu,
jenereta linakohoa, friji linatoka jasho,
na nta ikilegea kisu hakikati, kinapaka.
Nimemtuma Ambakisye kwa mama wa barafu za ubuyu
ng'ambo ya geti. Karudi na mfuko mwekundu.
Nimelaza mlango wa mtu juu ya ubuyu wa watoto,
nikakata. Mikroni nne. Utepe ukaelea majini
kama utando wa maziwa.

Wengine husema shingo ya kizazi, wengine mlango.
Mimi ni wa mlango.
Miaka kumi na minne sijaona shingo;
naona kitasa, komeo, na zamu ya usiku.

Mgeni huyu havunji. Anaingia na wenyeji,
anakaa miaka kama mpangaji asiyelipa.
Ana protini mbili, E-sita na E-saba,
majina kama ya vyumba vya gesti.
E-sita inamlaza mlinzi asiamke tena.
E-saba inalegeza komeo.
Na seli zilizozoea kuomba ruhusa
zinaanza kuzaana bila kuuliza.

Ukizitafuta hizo mbili zenyewe
unaambulia vumbi la rangi: mwizi haachi kitambulisho.
Basi tunasikiliza kelele za nyumba.
Kuna protini ya mwenyeji, pi-kumi-na-sita,
kazi yake kupiga filimbi, seli zisimame.
Komeo likishalegea inapiga, haisikiwi,
inapiga tena, inapiga mpaka inajaa chumba,
nasi tunaitia dawa
na filimbi inageuka kahawia,
kahawia ya kahawa iliyomwagikia kanzu ya Ijumaa.

Saa kumi umeme umerudi. Nimeinamia hadubini.
Kahawia juu, kahawia katikati, kahawia chini,
ukuta mzima unapiga filimbi.
Nimeshuka taratibu hadi sakafuni,
pale penye utando mwembamba
ambao ukipasuka mambo huwa mengine.
Haijavuka.
Nimerudia, pembe kwa pembe, kama mtu aliyedondosha hereni.
Haijavuka.
Dokta Shekiondo katazama, kasema "Mh,"
na kwake hiyo ni hotuba.

Kwenye fomu namba ina jina, kumbe.
Somoe Likwata, miaka thelathini na minane, Mbagala Kizuiani.
Kipimo cha siki: weupe.
Siki hii hii ya kachumbari.

Kupiga simu si kazi yangu. Nimepiga.
Namba unayopiga haipatikani.
Haipatikani.
Ambakisye anataka kunyonya zile barafu, nimemnyima.
Haipatikani.
Mara ya nne, mtoto:
"Mama kaenda kuuza mihogo."
"Mwambie Upanga wanamtafuta."
"Kafanya nini?"
"Hajafanya kitu, mwanangu. Kuna mlango tu,
tunataka urekebishwe mapema."
Kimya. Kuku anasikika, na redio ya jirani.
"Sasa fundi anakuja lini?"

Ubuyu ulikuwa umeshayeyuka, umechirizika mezani.
Nikasema: aje yeye. Jumatatu.
Mwambie aje asubuhi, kabla ya foleni.
Umelishika hilo? Hebu lirudie.