Pembe ya Ndani

Nilichora kikalio cha beringi
cha mashine ya miwa ya shemeji, pale Mtoni kwa Azizi Ali.
Nilikichora usiku, kwenye kompyuta iliyong'oka vitufe viwili,
pembe zote kali, mraba wa kukata wembe,
nikajiona mhandisi.

Asubuhi, Gerezani, Tausi Mbonde akafungua mchoro,
akatazama, akatafuna karanga.
"Hii pembe ya ndani utaichonga wewe kwa meno?"
Akachomoa kisu kwenye mashine
akakiweka kiganjani mwangu:
kidole cha chuma, mviringo, bado kina joto.
Kinachozunguka, akasema, hakijui kona.
Kila kinapopinda kinaacha nusu ya unene wake.

Sikuwa nimewaza hilo.
Kwenye kioo kila kitu hukubali.
Unavuta mstari, ukuta unakuwa ganda la kitunguu
na kioo hakitetemeki;
unazamisha tundu jembamba hadi kuzimu,
hakuna anayeuliza mkono gani utafika huko.

Akanipa karatasi, nyuma ya risiti ya luku.
"Chora tena. Nitakishika wapi hiki kipande?
Nikikigeuza mara nne, utalipa mara nne."
Kisha akauliza vipimo, nikuruhusu kukosea kiasi gani.
Nikasema nataka sawasawa.
Akacheka hadi akapaliwa na karanga.
"Sawasawa ni bei ya kiwanja Goba.
Niambie: hapa beringi inakaa, nibane.
Pale ni hewa tu,
nisamehe."

Nibane hapa, nisamehe pale.
Nimesoma miaka mingapi, na hili sikuambiwa.

Mchoro wa tatu aliupokea saa tisa,
umeme ukakatika saa tisa na nusu.
Tukangoja. Maji meupe ya kupozea yakadondoka
tone,
tone,
juu ya aluminiamu iliyochongwa nusu.

Usiku kikatoka, kizito kuliko nilivyodhani,
kona zimelainika kama sabuni ya wiki nzima,
na tundu moja la skrubu liko upande usio wake.
Hilo ni langu. Mashine ilinitii neno kwa neno.

Shemeji akakigeuza kwenye mwanga wa simu.
"Kizuri. Lakini mbona kona zake zimezubaa?"

Nikapapasa mfukoni, nikapata karanga tatu,
nikatafuna kwanza.