Orodha ya Vilivyokufa

Niliziandika kwa mkono wangu, wino wa kijani,
kompyuta thelathini na moja,
katika bohari ya wizara, mtaa wa Ghala, Maskati.
Ghala ndani ya Ghala:
wenzangu wasiojua Kiswahili
hawakuelewa nacheka nini peke yangu
mwezi wa Julai, kufuli likiunguza vidole.

Namba. Chapa. Hali.
Kwenye hali nikaandika: imekufa.
Imekufa. Imekufa.
Kufika ya kumi nikawa nachora vistari tu, kama ya juu,
kama ya juu,
na ya ishirini na mbili ilikuwa yangu,
miaka tisa mezani pangu,
tone la hina ukingoni mwa skrini
tangu arusi ya Thuwaiba.
Nayo nikaipitisha.

Haikuwa imekufa. Ilielemewa.
Kila mwaka walikuja vijana wa mkataba
wakaipakia mfumo mpya juu ya mfumo,
kama anayemvisha mgonjwa kanzu juu ya kanzu
kisha akashangaa mbona hatembei.
Nikiiwasha nilikwenda kupika kahawa,
nikanywa finjani tatu,
nikarudi, bado inazungusha kiduara chake.

Leo Muhanna, mtoto wa kaka yangu, kanileta Ibra,
chumba cha juu, chini yake wanauza halwa.
Skrini kumi na nane. Harufu ya udi na vumbi lililopata moto.
"Umezifufuaje?"
"Sikuzifufua, Shangazi. Nimezivua."
Akanionyesha kijiti cha kumbukumbu, kokwa ya tende kwa ukubwa:
mfumo mzima umo humu, na nafasi inabaki.
Zile dhaifu zaidi hata kijiti hazina,
hazina diski, hazikumbuki kitu,
zinaazima akili kwa waya
kutoka kwa moja iliyofungiwa kabatini,
feni yake inakoroma kama marehemu baba.

Bi Shinuna, anayeuza barakoa soko la Jumatano,
alikuwa akipanga bei zake, hakugeuza shingo.
"Falaji hiyo," alisema. "Mama wa maji mmoja, mashamba mengi."
"Ila hapa hakuna zamu," Muhanna akajisifu. "Wote wanakunywa pamoja."
"Basi mtagombana."

Na saa kumi na nusu
mtu akafungua video ya arusi, yenye ngoma,
skrini kumi na nane zikaganda mara moja.
Kabati likanguruma.
Vichwa vyote vikamgeukia mmoja,
msichana aliyekuwa akiziba mdomo kwa mtandio.
Bi Shinuna akainuka, akachukua chaki,
akachora mistari ubaoni, nusu saa nusu saa,
kama babake alivyowagawia watu maji,
na jina la Muhanna akaliweka mwisho kabisa.

Mimi nikaikuta ile yangu pembeni, dirishani.
Msinifananishe nayo.
Mimi nimestaafu kwa barua yenye mhuri,
nina magoti, nina dawa za asubuhi na za jioni,
na hakuna kijana atakayenichomoa chochote
nikawa mwepesi.
Lakini nilikibonyeza kile kitufe
na kabla sijavuta kiti
ilikuwa imeshaamka,
haikuniuliza jina wala neno la siri,
uwanja mtupu wa samawati na mshale mmoja.
Miaka tisa nilidhani uzito ndiyo tabia yake.

Orodha bado ninayo, nakala, mkobani.
Niliitoa. Nikatafuta kalamu.
Ndipo mtoto wa darasa la tatu akanigusa bega:
ubaoni ilikuwa zamu yake.
Nikampisha.
Akakaa, akaona lile tone, akalikwaruza kwa ukucha,
akatia mate, akakwaruza tena.

"Bibi, hii haitoki."

Najua, nikamwambia. Endelea na hesabu zako.