Udongo Upo

Umeme umerudi. Nyemo anainamia hadubini,
jicho moja, pumzi nusu,
anaitoboa seli ya msuli kwa sindano
ambayo hata yeye haioni ncha.

Kalsiamu inaingia kwa kishindo,
kama mvua ya Desemba
inavyoingia kwenye paa la tembe, Kilimatinde,
pale juu ya kihenge cha uwele.
Ikijaa, inaua.
Nayo ndiyo filimbi:
kinachoua ndicho kinachoita.

Vifuko vilivyolala ndani vinaamka,
vinasukumana hadi ukingoni,
vinapasuka,
vinageuza ngozi zao kuwa kiraka.
Hakuna kikao. Hakuna daftari la michango.
Nyemo anahesabu kwa kunong'ona:
kumi na tisa, ishirini…
Ishirini na saba. Tundu halipo.

Seli haikufunzwa habari ya ufa na ukuta.
Ingengoja methali iishe,
ingekuwa imekwisha yenyewe.

Jioni anapiga simu nyumbani.
"Miguu?"
"Inauma. Nimeshuka na debe mara tatu."
"Mama, kila ukishuka, misuli inachanika,
vitundu elfu na elfu,
na vingi vimeshazibwa
kabla hujalitua debe."

Kimya. Mbuzi anakohoa upande wa pili.
Kisha Mama Nyemo anacheka,
kicheko kifupi, cha puani:

"Basi iambie hiyo seli yako
ije inizibie paa.
Udongo upo, mwanangu.
Udongo umejaa tele.
Mikono ndiyo iko Dodoma."