Alama Tatu

Nilidhani Kawasaki ni pikipiki,
ile ya kijani ya mjomba Mbwana, iliyomvunja mguu Korogwe.
Daktari Thorvaldson akatabasamu, kisha akaacha.
Ni ugonjwa, akasema,
na mishipa ya moyo ndiyo barabara yake.

Siku ya tano ya homa.
Macho mekundu yasiyo na tongo,
ulimi kama forosadi iliyopondwa,
viganja vimeumuka kama maandazi.
Nasibu, miaka mitatu, hataki kuguswa hata na shuka.

Nje ni Winnipeg, Februari, nyuzi thelathini chini ya sifuri.
Magari ya wauguzi yamechomekwa umeme uwanjani,
kila moja na waya wake puani,
mafuta yasije yakaganda tumboni.
Ndani, mwanangu naye ana waya wake.

Marivic ananing'iniza chupa.
Humo, ananiambia, mna kinga ya watu maelfu
waliokunja mikono ya mashati, wakatolewa damu,
wakanywa juisi, wakaenda zao.
Sisi husema damu nzito kuliko maji.
Hii ni nyepesi, haina rangi, ukiitikisa inatoa povu,
na ndani yake hamna hata ndugu yetu mmoja.

Kuna watoto, anasema daktari, ambao dawa hii huwapitia tu,
homa ikabaki palepale.
Tungependa kuwajua mapema.
Ndiyo maana tumeiuliza damu.

Mimi ni karani wa hesabu katika ghala la ngano.
Nikaomba karatasi.
Chumvi: mia moja thelathini na mbili. Imeshuka. Alama mbili.
Protini ya uvimbe: imepanda kupita kiasi. Alama moja.
Ini, salama. Chembe sahani, za kutosha.
Jumla tatu.
Hatari huanzia nne.

Nikajumlisha tena. Tatu.

Chumvi!
Kwetu mzee huambiwa amekula chumvi nyingi.
Huyu amekula ya miaka mitatu tu,
na hiyo nayo inapungua.

Lakini, akasema daktari
(na hiyo lakini ndiyo iliyokesha nami),
alama hizi zilihesabiwa kwa watoto wa Japani.
Kwa watoto wa hapa hukosea mara nyingi.
Kwa huyu wako, sijui.
Mizani ya duka la watu, basi.
Bahati nasibu, nikanong'ona,
na mtoto akageuza kichwa akidhani nimemwita.

Chupa iliisha Jumanne saa nne usiku.
Tangu hapo ni saa thelathini na sita za kungoja homa iondoke.
Sudi akaja kutoka kwenye trekta la theluji,
buti zikamwaga maji sakafuni.
Tatu si nne, akasema.
Akalirudia hilo kila alipoamka kitini.

Alhamisi, saa nne asubuhi, kipimo kikalia:
thelathini na tisa na nusu.

Sisemi tatu ilidanganya.
Haikuwa inamjua.

Ikaja chupa ya pili, na dawa nyingine kali ya kutuliza uvimbe.
Jumamosi alfajiri akadai uji.
Hakuomba, alidai, na sukari aone ikitiwa.
Nikalia mbele ya Marivic, naye akajifanya anatafuta kalamu.

Kabla hatujatoka alikuja binti wa maabara na fomu.
Tuweke kichupa kimoja cha damu yake?
Huenda mna ishara ambayo bado hatujui kuisoma.
Jina litaondolewa. Kitakaa katika friji
yenye baridi kuliko mji huu.
Nikamwuliza: mtaandika kwamba ilikuwa tatu?
Tutaandika.
Na kwamba haikutosha?
Akanyamaza kidogo. Hilo pia.
Nikatia saini.

Sasa ngozi ya ncha za vidole inabambuka,
naokota vipande vyake kwenye mto.
Moyo utapigwa picha tena wiki ya sita.
Hii ni ya pili.
Leo nimepika mchuzi, nikauonja,
nikaongeza chumvi kidogo,
nikauonja tena.