Kiti cha Shaba, Mlango wa Mashariki

Wamekiweka kati ya maegesho na mlango wa mashariki,
pale wavuta sigara walipokuwa wakijibanza:
kiti cha magurudumu, cha shaba, kitupu,
kimeelekea mto Tay kana kwamba
mgonjwa ameinuka mara moja tu, akachungulie.

Wageni hudanganyika.
Juzi mzee mmoja, mkewe amemwegemea bega,
alikivuta, akakivuta tena,
akanigeukia mimi na ndoo yangu: "Hiki kimekwama."
Nikamwambia ndiyo, baba, kimekwama.
Nikakimbia ndani kumletea kinachokwenda.

Mchongaji, Bi Isla Geddes, alituita kantini
kabla hajawasha tanuru.
Alitaka kujua tunamkumbuka kwa lipi.
Wakasema tabasamu. Wakasema moyo wa dhahabu.
Maneno ya kadi za dukani.
Mimi nikasema: gurudumu la kushoto lilikuwa likilia,
naye akilipaka mafuta ya kupikia
aliyoyaficha kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.
Nikasema: hakumsukuma mtu wala kumwinua
kabla ya kugusa breki,
hata kama safari ni ya kitandani hadi dirishani.
"Breki kwanza, pole baadaye," kwa Kiswahili hicho hicho,
na vikongwe wa Dundee wakimwitikia "poli, poli"
wakidhani ndilo jina lake.

Bi Isla aliandika. Tazama breki: imefungwa.
Mlio hakuweza kuuchonga.

Siku ya kukizindua walivuta kitambaa,
mvua ya rasharasha, mkurugenzi akasoma majina sita,
sita waliosukuma, waliopangusa, waliodunga sindano
mwaka ule tulipokuwa tukiagana kupitia vioo,
nami nikainama kulisoma la kwake kwenye kibao.
MBWANA SHAKWE.

Shekwe, jamani. Shekwe wa Lushoto.
Herufi moja, wamemtia mbawa.

Nilicheka. Wenzangu walidhani nalia,
mmoja akanishika mkono, nikamwacha anishike.
Ningeanzia wapi kumweleza
kwamba mtu wa milimani, wa mapeasi na ukungu,
ambaye hakuwahi kumwona shakwe hadi alipofika hapa,
na wiki ya kwanza akanyakuliwa skonzi mkononi,
akamfukuza mwizi wake hadi kituo cha basi
akimtukana kwa Kisambaa,
sasa ndiye huyo huyo?

Ofisi iliomba radhi. Watalipia kibao kipya.
Nikampigia Mwanamkuu, mjane wake.
Kimya. Nikasikia jogoo nyuma yake, na mtu anapasua kuni.
Kisha: "Huko kwao, hao ndege wanakula bure?"
Wanakula bure, shemeji.
"Na hakuna anayewadai karatasi?"
Hakuna.
"Basi liacheni."

Wanatua hapo sasa kila alfajiri, wenye jina,
wawili mgongoni mwa kiti, mmoja kwenye kikalio,
wamejaa kiburi kama waliolazwa kwa fedha zao.
Nawafutia kinyesi kwa maji ya moto.
Hilo halimo kwenye mkataba wangu.

Lakini nilichotaka kusema hasa ni mishikio.
Shaba yote imeshakuwa nyeusi kwa unyevu wa mto
isipokuwa hiyo miwili,
inang'aa kama kitasa cha nyumba yenye watoto wengi.
Nilichelewa kuelewa. Nilidhani kuna anayeisugua usiku.
Kumbe ni watu tu: hutoka mlango ule na habari zao,
bahasha mkononi, au mfuko wenye viatu vya mtu,
hawajui waende kulia au kushoto,
wanatafuta kitu cha kushika, chochote,
nacho kipo, usawa wa mikono,
breki imefungwa,
hakiwakimbii.